Mbeleko ya mvua: niliyowaambia mafundi cherehani wa Tukuyu

Mugonile! Shikamooni wakubwa zangu, na nyie vijana hamjambo. Mheshimiwa Diwani, mtendaji wa kata, na nyie mafundi mliofunga vibanda vyenu leo mkaja kunisikiliza wakati mnajua kabisa huu ni msimu wa sare za shule na hela iko mlangoni, ndaga fijo, asanteni sana. Mvua nayo imekuja, na mi nimefurahi imekuja, maana lingekuwa jua haya nnayotaka kuongea mngesema mama huyu kakosa cha kusema. Wa nyuma mkiona sisikiki kwa ajili ya hilo bati, nyoosheni mkono nipandishe sauti.

Mi wengi mnanijua, ni muuguzi mstaafu, cherehani nilijifunza kwa mama yangu kabla sijajua hata sindano ya hospitali ikoje. Nimekaa kliniki ya mama na mtoto huku milimani miaka mingi, na siku za mvua kazi ya kwanza ilikuwa sio chanjo wala mzani, ilikuwa kuwavua watoto kanga mbichi. Yani mama anaingia, mwavuli mkononi, kichwa kikavu, mabega makavu, anasalimia vizuri tu, ukimgeuza ukamwangalia mtoto mgongoni unakuta kalowa chapachapa. Kwa nini? Kwa sababu mwavuli umetengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja aliyesimama wima. Mama mwenye mtoto mgongoni ni watu wawili, na huyo wa pili kajitokeza nyuma, kwa hiyo mwavuli unamkinga mama vizuri halafu maji yote yanayochuruzika ukingoni yanamshukia mtoto kisogoni na mgongoni. Na huyo bado ni mama mwenye bahati, ana mkono wa kushikia mwavuli. Mwenye mkungu wa ndizi kichwani, au ndoo, au kuni, huo mwavuli ataushika na nini na ataupitishia wapi? Ndo maana mnawaona wanakata jani la mgomba wanamfunika nalo mtoto kwa nyuma, wanalichomeka kwenye kanga, na mi nawaambia yule mama wa jani la mgomba ana akili kuliko aliyeleta miavuli, maana yeye kashagundua kwamba kinga ya mvua inatakiwa ikae kwenye mbeleko yenyewe, isikae mkononi.

Hilo ndo neno langu la leo kama mnataka kuondoka mapema. Mbeleko ya huku kwetu inatakiwa ianzie kwenye njia, sio kwenye kitambaa na sio kwenye picha uliyoiona kwenye simu. Ukitaka kushona mbeleko ya mlimani, kwanza ujue mama anapita wapi, kabeba nini kingine, na akianguka anaangukia upande gani.

Tuanze na kulowa. Mtoto mchanga joto lake likishuka chini ya nyuzi 36.5 WHO wanasema huyo tayari ana baridi ya kumshughulikia, sio ya kusema atapata joto baadaye. Na anapoteza joto haraka kuliko wewe kwa sababu mwili wake ni mdogo lakini ngozi ni nyingi ukilinganisha na uzito wake, halafu mafuta yake mwilini ni machache. Sasa mfunge kwenye pamba iliyolowa, upepo wa Juni ule wa ukungu unapita, maji yanakauka kwenye kitambaa na kila yanapokauka yanaondoka na joto la mtoto. Mama hasikii, maana mgongo wake una joto upande wa ndani, tumbo la mtoto limegusana na mgongo wa mama liko sawa kabisa, kinachopoa ni mgongo wa mtoto na miguu inayoning'inia. Nilikuwa nawaambia wakifika, gusa nyayo afu gusa kisogo, usiniambie mtoto hana baridi kwa sababu wewe unatoka jasho la kupanda kilima.

Afu kanga ikilowa inakuwa nzito, inajivuta, mtoto anateremka taratibu mpaka anafika kiunoni, mama anainama anamrusha juu anafunga tena, na kuinama kwenyewe ni kwenye utelezi. Fundo nalo pamba ikinyonya maji linabana, ukitaka kulifungua haraka halifunguki. Mnalijua hilo, wote humu tumefungua fundo la kanga mbichi kwa meno.

Msiondoke hapa mkasema mama kasema kanga mbaya. Kanga ni kitu kizuri sana, ila kanga ni ya pwani. Ilizaliwa huko Zanzibar na Mombasa karne ya 19, watu wa bahari, watu wa jua, ikilowa unaitundika saa moja imekauka. Dar es Salaam mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 1,100 hivi, huku kwetu kwenye miteremko ya Mlima Rungwe kuna sehemu zinakaribia 3,000. Ukiifua Jumatatu mwezi wa 4 unaivaa Alhamisi bado ina harufu. Tulichofanya sisi watu wa mlimani ni kupokea vazi la watu wa joto bila kuongeza kitu, na hapo ndipo mafundi mmelala, samahani lakini nimelelewa kusema ukweli.

Maana watu wa milimani walikuwa na vya kwao. Wakikuyu kule Kenya, chini ya Aberdare na Mlima Kenya, walikuwa na ngoi, ngozi ya mbuzi au kondoo iliyolainishwa, ina mikanda yake, mtoto anakaa humo mgongoni. Rwanda kwenye vilima vyao wana ingobyi, mbeleko ya ngozi ya kondoo. Ethiopia kwenye nyanda za juu kuna ankalba, ya ngozi pia, nyingine zimepambwa kwa kauri mpaka unaona aibu kuitia mkojo wa mtoto. Sasa jiulizeni watu hawa hawakukaa kikao pamoja, mbona wote walifika kwenye ngozi? Kwa sababu ngozi ukiipaka mafuta maji yanateleza juu hayaingii, upepo haupiti, haivutiki hovyo ikilowa kama pamba, na ukiifuta imekauka. Wakikuyu mafuta yao ya kulainishia ngozi yalikuwa ya mbarika, mmea ambao hapa unaota nyuma ya choo cha kila mtu na hakuna anayeuangalia. Nguo za dukani zilipokuja zikawa rahisi, zikawa na rangi, zikawa ndo ustaarabu, ngozi ikawa ushamba, tukaiacha ngozi na tukaiacha na ile kazi ngozi iliyokuwa inafanya. Sisemi turudi kwenye ngozi, ngozi leo ni bei na inanuka na mtoto wa siku hizi bibi yake mwenyewe atamkataa. Nasema ile kazi bado ipo, nani anaifanya?

Mtaniambia mama, si kuna vile vibebeo vya dukani, vya mikanda, vinauzwa mpaka Mbeya mjini. Vipo. Na mjue vilianzia wapi. Kuna mama mmoja Mmarekani, Ann Moore, alikuwa muuguzi kama mimi, miaka ya mwanzo ya 1960 alienda Togo kama mfanyakazi wa kujitolea wa Peace Corps, akawaona akina mama wa Togo wamefunga watoto mgongoni na watoto wametulia. Alivyorudi kwao akazaa, akataka kumbeba mtoto vile vile, akajaribu kumfunga na kitambaa, mtoto anateleza tu. Akamwambia mama yake mzazi ashone kitu chenye mikanda. Mama yake akashona, wakarekebisha, wakarekebisha, 1969 wakapata hataza Marekani, yani hati ya kulinda uvumbuzi wao, kikaitwa Snugli, kikauzwa sana. Sina ugomvi na huyo mama, alisema wazi alijifunzia wapi na si wote wanaosema. Ila mi kinachonifurahisha kwenye hiyo habari ni bibi mwenye cherehani na binti mwenye mtoto anayerudi kumwambia hapa panabana, hapa panalegea. Hiyo ndo maabara yao. Na nyie hiyo maabara mnayo, iko foleni kila siku ya kliniki.

Sasa kibebeo cha dukani ukikileta njia ya Mwakaleli kinakuaje? Kimejaa sponji mabegani na kiunoni, sponji likilowa linabeba maji siku mbili. Kina kikofia kidogo cha kuzuia jua la kwenye maduka. Kimetengenezwa kwa ajili ya mtu aliyevaa suruali na kiatu, anayetembea kwenye lami, mikono mitupu. Kuna vingine vya wazungu wa kupanda milima, vya fremu ya bomba la alumini, mtoto anakaa juu kama chifu, vina na paa lake la nailoni. Vizuri sana kwa kazi yake, mi nimeona watalii wamevaa wakienda ziwa Ngozi. Ila angalia, mtoto amekaa mbali na mgongo, juu, kwa hiyo uzito wote uko juu na nyuma, ukiteleza kidogo tu unakuvuta. Fremu inanasa kwenye majani ya migomba na matawi ya kahawa. Na mzigo kichwani sahau, paa la kibebeo linagonga mzigo. Kile ni chombo cha mtu aliyetoka kutembea ili arudi, mama wa huku anatembea ili afike na kitu.

Watu waliotatua mvua na baridi kwa kweli ni wale walioishi nayo. Wainuit kule kaskazini ya Kanada wana koti linaitwa amauti, mtoto anakaa mgongoni ndani ya koti la mama, kuna mfuko kabisa umeshonewa humo, kofia moja kubwa inawatosha wote wawili, na kiunoni kuna mkanda unaozuia mtoto asiteremke. Japani akina mama walikuwa wanamfunga mtoto kwanza kwa mkanda, afu wanavaa koti pana lenye pamba ndani juu yao wote wawili. Na kule India kaskazini mashariki, jimbo la Meghalaya, kuna sehemu inaitwa Mawsynram mvua yake kwa mwaka inakaribia milimita 12,000, yani sisi na mvua yetu tunaonekana tuko jangwani, wale Wakhasi wanavaa kitu cha mianzi na majani kinaitwa knup, kimekaa kama ganda la kobe, kinafunika kichwa mpaka mgongo wote, mtu anainama shambani analima mvua inapiga mikono yote miwili iko huru. Hebu ona, hakuna hata mmoja aliyemfunga mtoto peke yake kwenye plastiki. Wainuit na Wajapani wamefunika watu wawili kwa kifuniko kimoja. Hapo ndo siri ilipo kama kuna siri, joto la mama na la mtoto linakaa chumba kimoja, maji yanabaki nje, na hewa ya mtoto ni hewa ile ile ya mama.

Kwa hiyo mnaposhona, gawanyeni kazi. Kitu cha kubeba ni kimoja na kifuniko ni kingine kinachopita juu ya wote, kinafungwa kifuani kwa mama, kinashuka nyuma mpaka chini ya miguu ya mtoto, kina shingo yake. Mvua ikikata unakikunja unakitia kwenye kikapu. Mkiviunganisha kitu kimoja mama atalazimika kuvaa nailoni na jua likiwaka, mtoto ataiva humo ndani, na mtakuwa mmetatua mvua mkaleta joto.

Nimesema tuangalie anaangukia wapi, hapa naomba tukae kidogo. Udongo wetu huu wa volkano mnaujua, kwa viazi na ndizi ni baraka, ukilowa ni sabuni. Mtu anayepanda kilima akiteleza anaangukia mbele, magoti na mikono, mtoto wa mgongoni anabaki juu salama. Anayeshuka akiteleza miguu inatangulia, anaangukia makalio na mgongo. Na mgongoni kuna nani? Bibi zetu walikuwa wanalijua hili, mi nimemwona bibi yangu kwa macho, akifika pa kushuka anasimama, anamvuta mtoto kutoka mgongoni anamleta ubavuni bila kumfungua, kanga inazunguka tu, mkono mmoja juu ya mtoto mkono mwingine kwenye fimbo, anashuka upande upande. Akifika mtoni chini anamrudisha mgongoni. Kwa nini ubavuni na sio mbele kabisa? Ukimweka mbele huoni unapokanyaga.

Sasa chukua kibebeo cha mikanda miwili ya begani, kama begi la shule. Mtoto akishakaa mgongoni kakaa, humleti ubavuni mpaka uvue chote, na nani atavua kwenye mvua juu ya mteremko? Hatavua, atashuka hivyo hivyo. Kwa hiyo fundi aliyenakili kibebeo cha dukani vizuri kabisa, mshono safi, zipu safi, kamwondolea mama kitu ambacho kanga ya bibi ilikuwa inampa. Mi nataka mbeleko ya mkanda mmoja wa begani na mmoja wa kiunoni, ule wa begani upite kwenye pete ya chuma au kwenye kitanzi kipana ili uteleze, mama alegeze kidogo azungushe abane. Mnaonifuata mnanifuata. Kuna vijana wawili hapo mbele nawaona tayari wanachora kwenye daftari, safi, ila mnachora mkanda mwembamba huo, uongezeni uwe upana wa kiganja, mkanda mwembamba unakata bega na mama akishaumia bega anarudi kwenye kanga.

Vitu vya kushonea. Msiniambie mpaka tuagize Dar. Mkanda wa siti ya gari, ule wa kujifunga, kwenye magereji ya Uyole na Mbeya mjini yapo magari yaliyokufa yamejaa tele, haukatiki, haunyonyi maji, haujivuti. Ushonee kwa uzi wa nailoni, sio uzi wa kawaida wa pamba, uzi wa pamba unaoza taratibu kwenye unyevu na siku utakayojua umeoza ndo siku mtoto yuko juu. Pale mkanda unapokutana na kitambaa pigeni boksi na msalaba katikati, mnayajua haya kwenye mabegi. Sehemu anayokaa mtoto tumieni kitambaa kigumu cha kupitisha hewa. Kifuniko cha juu, turubai jepesi au kile kitambaa cha miavuli, na miavuli iliyovunjika vyuma iko kila jalala, kitambaa chake bado kizima kabisa, mitatu inatoa kifuniko kimoja. Salfeti za mbolea sizitaki, najua ni za bure, najua mtasema tutaosha, sizitaki. Ile iliyobeba mbolea au dawa ya shambani isikae karibu na ngozi ya mtoto wala mdomo wake, watoto wananyonya kila kitu.

Na kuna kitu tayari mnashona wala hamkioni kama uvumbuzi. Ile suruali ya kupimia mtoto kliniki! Ile ya kitenge au turubai, ina matundu mawili ya miguu na vitanzi juu vya kutundikia kwenye mzani. Nani aliwafundisha? Hakuna mzungu aliyekuja hapa kuwafundisha. Mama mmoja alitaka mtoto wake asitundikwe kwenye ya mtu mwingine yenye mkojo, akaja kwa fundi, fundi akashona, mwenzake akaona, leo kila mama anayo yake na ina jina la mtoto. Mtoto akiwa humo anakaa vizuri, magoti juu kidogo ya makalio, miguu imetanuka kama chura. Anzeni na hiyo. Ongezeni upana pale kwenye makalio ifike kutoka goti mpaka goti, wekeni mkanda, mmeshafika nusu ya safari.

Habari ya miguu kutanuka sio urembo. Nyonga ya mtoto mchanga bado ni laini, mfupa wa paja unatakiwa ukae kwenye kikombe chake. Wale Wanavajo wa Marekani waliokuwa wanawafunga watoto kwenye ubao miguu imenyooka, walikuwa na watoto wengi wa nyonga kutoka. Japani nao walikuwa wanawafunga hivyo hivyo miguu imenyooka, miaka ya 1970 wakawaelimisha wazazi waache, tatizo likashuka sana. Mbeleko yetu ya mgongoni toka zamani inatanua miguu, kwa hiyo hapo bibi alikuwa mbele, fundi asije akaharibu kwa kushona kitu chembamba katikati mtoto ananing'inia kama soksi kwenye kamba.

Sasa la hatari, na hapa siongei kwa utani. Uso wa mtoto haufunikwi. Haufunikwi na turubai, haufunikwi na nailoni, haufunikwi hata na ile khanga ya juu ukiona mvua inapiga kwa upande. Kifuniko kiishie shingoni, kiwe na ukingo mgumu unaotoka nje kama mdomo wa kofia, weka hata waya wa mwavuli humo, maji yadondokee mbali na pua yake. Mama lazima aweze kugeuza shingo au kupeleka mkono akamsikia mtoto anapumua. Mtoto chini ya miezi minne shingo haijakaza, kidevu kikizama kifuani njia ya hewa inajikunja na halii, ananyamaza tu, na mama anasema kalala. Kwa hiyo wa umri huo mgongoni ndani ya mbeleko ya kifuniko mi simshauri, huyo akae kifuani ndani ya koti la mama, kichwa kimetoka juu, karibu kiasi cha kumbusu.

Na kifuani kwa mama msipachukulie poa. Bogotá, Kolombia, 1978, hospitali ilikuwa na njiti wengi na mashine za joto hazitoshi, daktari Edgar Rey akaanza kuwaambia akina mama wawafunge watoto kifuani ngozi kwa ngozi, akaja na Héctor Martínez wakaiendeleza, ndo hiyo tunaiita kangaroo mpaka leo. Mwaka 2021 ukatoka utafiti mkubwa wa WHO uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania, watoto wa kilo 1 mpaka chini kidogo ya 1.8, wakaanza kangaroo mara tu baada ya kuzaliwa badala ya kusubiri wawe imara kwanza, vifo vikapungua kwa robo. Hakuna mashine hapo, ni kitambaa na kifua. Kwa hiyo fundi anayeshona kitambaa cha kangaroo kinachobana sawasawa asijione anashona kitu kidogo, na wodi nyingi wazazi wanatumia kanga ambayo inalegea kila mama akikaa.

Wababa nawaona mmekunja mikono. Na nyie mmo. Mwanaume wa huku kumfunga mtoto kwa kanga atachekwa mpaka kilabuni, mi nimeacha kubishana na hilo, nimezeeka. Lakini begi anavaa! Mshonee kitu cha rangi ya jeshi kina mikanda na mfuko wa simu, uone kama hatambeba mtoto kutoka kituo cha bodaboda mpaka nyumbani, maana bodaboda ikifika kwenye matope wote mnashushwa na safari iliyobaki ni ya miguu, na siku hiyo mama ana mfuko wa unga. Hii ni biashara, sio harakati.

Bei isizidi doti mbili za kanga za kawaida. Ikizidi hapo mama atasifia atashika atarudisha. Na kabla hujauza hata moja, tia mchanga kilo 15 kwenye mfuko, weka kwenye mbeleko, mwagia maji, tundika kwenye boriti usiku kucha, asubuhi angalia mishono. Mtoto wa miaka miwili hafiki kilo hizo kwa kawaida, lakini mama anaruka mitaro, na mtoto akirushwa uzito unaongezeka. Ikishapita hapo ndo uje kliniki utafute mama wa kuijaribu, na umwombe vizuri, umpe bure, afu umsikilize bila kujitetea. Mafundi mna tabia ya kujitetea, mteja anasema panabana mnasema hapana mama ni mwili.

Ukipata umbo ambalo hakuna mwenzio analo, nenda BRELA, wale wa usajili wa biashara, uulize habari ya hataza kabla hujaposti picha. Wainuit mwaka 2001 shirika la wanawake wao, Pauktuutit, liliwakutanisha washonaji kujadili namna ya kulinda amauti isichukuliwe na wafanyabiashara wa mitindo, na wale wana maelfu ya kilomita za barafu kati yao na soko. Nyie soko la Tunduma liko masaa machache, ukiweka picha Jumatatu Ijumaa inashonwa kwingine kwa kitambaa kibovu, na ikikatika lawama ni yako.

Mheshimiwa Diwani, ombi langu kwako ni dogo, ile baraza ya kliniki iezekwe iongezwe mita chache ili mama akifika aweze kusimama pakavu akamfungua mtoto, maana sasa hivi anamfungulia kwenye mvua. Hilo halihitaji hataza.

Kwenye ile meza kuna sampuli nilizoshona mwenyewe, moja ya kitambaa cha miavuli na nyingine ya turubai, na ile ya turubai nawaambia kabisa ni nzito, msiinakili, nimeileta ili muibebe muone kwa nini. Akina mama mliokuja na watoto mtuangalizie watoto, tutabeba mchanga kwanza. Nyuma ya ukumbi kuna mteremko na mvua bado ipo, kila fundi avae, ashuke mpaka kwenye bomba, apande. Viatu vya ngozi vueni, na anayekunja mikono pale mlangoni aanze yeye.